Hasira Isiyolala

Mume amerudi kutoka Machakos mjini usiku, na karo ya mtoto haijalipwa. Maneno makali yanaanza. Moyo unadunda, mikono inatetemeka. Hizo ni homoni, yaani kemikali ambazo mwili hutengeneza na kuzisambaza kwa damu. Homoni iitwayo kotisoli hutusaidia kukabili hatari. Lakini ikibaki nyingi kwa muda mrefu, hudhuru.

Huko Amboseli, nyani wamechunguzwa tangu 1971. Watafiti hupima homoni katika kinyesi chao. Mwaka 2021 walieleza habari za majike 242: waliokuwa na homoni nyingi za dhiki walikufa mapema kuliko wenzao. Na mwaka 1989, tumbili wa Kenya waliokufa baada ya kuonewa vizimbani walikutwa na vidonda vya tumbo, na sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu imeharibika.

Sisi si nyani. Nyani mnyonge hawezi kuambiwa, "Nisamehe, mama." Wewe waweza kusema. Basi, unaponuna wiki nzima ukidhani unamwadhibu mwenzako, unajiumiza hata wewe.

Fanyeni hivi:
1. Hasira ikipanda, toka nje kidogo, kisha urudi.
2. Zungumzeni fedha mchana, mkiwa mmekula.
3. Msilale kabla ya kupatana.

Lakini kipigo kisisingiziwe homoni. Anayepigwa atafute msaada upesi.

Jiulizeni wawili: jana tulilala tumepatana?