Kopo la Kapasita Katika Redio ya Valvu

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Kisha unganisha rezista ya kiloomu 10, wati 5, kati ya chanya na hasi ya kila kapasita kubwa, na upime mpaka mita ikaribie sifuri. Redio ya valvu iliyozimwa bado inaweza kuua.

Redio nyingi za miaka ya 1950 zina kopo la alumini juu ya chasisi. Ndani mara nyingi mna kapasita mbili au tatu zenye hasi moja, na hasi hiyo huwa ni kopo lenyewe. Kwenye makopo ya Kimarekani, pembetatu, mraba au nusu duara kando ya mguu huonyesha mguu upi una thamani ipi.

Kopo la 32+32, volti 350, ni nadra dukani leo. Lililokaa stoo miaka sitini silo suluhisho, hata kama halijawahi kutumika, kwa kuwa kapasita za aina hii huzeeka zikiwa zimelala. Nunua mbili mpya za maikrofaradi 33, volti 450, uzifunge chini ya chasisi. Kopo la zamani libaki kwa ajili ya sura tu, nyaya zote zikiwa zimeondolewa kwenye miguu yake. Wanaounganisha mpya sambamba na la zamani wanakosea vibaya: linalovuja litaendelea kuvuja, na transfoma ndiyo itakayoungua.

Chunguza pia kama kopo limetengwa na chasisi kwa washa isiyopitisha umeme. Ikiwa hivyo, hasi ya kapasita mpya iende kule kule ilikokwenda waya wa kopo, si kwenye chasisi.

Wala usiongeze thamani ukidhani mvumo utapungua. Valvu ya rektifaya EZ80 haitaki zaidi ya maikrofaradi 50 kwenye kapasita ya kwanza. Ukizidisha, mkondo wa kuwasha utaiharibu.

Kapasita zilizo kwenye njia ya umeme wa ukutani zina sheria yake. Zile za karatasi za Rifa, zilizomo kwenye kompyuta nyingi za BBC Micro, hupasuka ganda, hunyonya unyevu, kisha hutoa moshi mzito. Inayokaa kati ya nyaya mbili za umeme ibadilishwe kwa daraja la X2. Inayotoka kwenye umeme kwenda kwenye chasisi lazima iwe daraja la Y, maana ikipiga shoti chasisi nzima itakuwa na umeme. Ya kawaida iliyoandikwa volti 400 haifai hapo.

Unapowasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya uzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na redio. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima mara moja.