Sanad ya Namba: Somo la Kujenga Programu za Sayansi



Usiku mmoja chumbani kwangu hapa Gitega niliacha laptopu ikipiga hesabu za silikoni kwa Quantum ESPRESSO, programu ya fizikia ya maada iliyolelewa kwa sehemu kubwa Trieste, Italia. Niliandika `mpirun -np 4 pw.x`, nikitaraji prosesa nne zigawane kazi. Baada ya swala ya Alfajiri nikafungua faili la matokeo: kila mstari umejirudia mara nne, na juu kabisa imeandikwa kwamba programu inatumia prosesa moja. Hazikugawana chochote. Zilikuwa nakala nne, kila moja ikifanya kazi yote peke yake na kuandika juu ya mafaili ya mwenzake.

Chanzo kilikuwa changu. Nilikompaili kwa Open MPI, kisha nikaweka conda iliyokuja na MPICH. `mpirun` niliyoiita ilikuwa ya familia nyingine.

Balaa zaidi likafuata. Mwalimu aliniuliza matokeo niliyokwisha mpa niliyapata kwa programu iliyojengwaje. Nilikuwa nimeendesha `./configure` mara nyingi, na kila mara huandika upya faili la `make.inc`. Sikuwa na jibu. Ikabidi nirudie hesabu za sura nzima.

Sisi tunaosoma hadithi tunajua kwamba matini peke yake haitoshi. Tunauliza nani kaipokea kwa nani. Namba ya kompyuta nayo ina sanad yake: toleo la programu, kompaila, maktaba za hesabu kama BLAS, LAPACK na FFTW, MPI, na vigezo vya kukompaili. Sanad ikikatika, utaiteteaje namba hiyo?

Haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

1. Nahakiki kabla ya kuendesha. `which mpirun` inaonyesha unaita ipi, `ldd pw.x` inaonyesha programu imeunganishwa na maktaba zipi. MPI ya pande zote mbili iwe moja.

2. Natenga msimbo na jengo. Kwa CMake: `cmake -S . -B jengo-laptopu`, na folda nyingine kwa kompyuta ya chuo. Vipande vya zamani havichanganyiki na vipya.

3. Natumia Spack, iliyoanzia maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, mwaka 2013. Katika `spack.yaml` unaandika unachotaka. Spack inaandika katika `spack.lock` kila ilichochagua: matoleo, kompaila, vigezo, hata maktaba zinazotegemewa na maktaba nyingine. Mafaili yote mawili nayaweka kwenye Git. Mwenye bando dogo apakue vifurushi chuoni kwa `spack mirror create`, avibebe kwenye flashi, ajengee nyumbani.

4. Naangalia prosesa. Spack hujengea prosesa iliyoikuta. Ukijenga kwenye mashine mpya na kuhamishia ya zamani, programu inaweza kufa papo hapo kwa ujumbe `Illegal instruction`. Ukiomba `target=x86_64`, utapoteza kasi kidogo lakini itaendeshwa kote kwenye prosesa za aina hiyo.

5. Najaribu kabla ya kuamini. Quantum ESPRESSO huja na majaribio yake kwenye folda ya `test-suite`. Tarakimu za mwisho zikitofautiana kidogo, usishtuke: mpangilio wa kujumlisha ukibadilika, ukadiriaji wa desimali nao hubadilika. Zikitofautiana za mwanzo, simama.

Hapa Kigali tuna EAIFR, taasisi ya utafiti iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na mshirika wa ICTP ya Trieste, iliyoanza mwaka 2018. Ukitaka kufanya kazi na watu wa aina hiyo, utaulizwa swali nililoulizwa mimi.

Basi leo, kabla hujalala, fungua folda ya mradi wako ujiulize: nikipoteza laptopu hii, mwenzangu ataweza kujenga programu ileile kwa nilichoandika? Kama hawezi, anza kuandika. Elimu ni amana.

Wabillahi tawfiq.