Picha Huharibikia Njiani

Siku ya mahafali ya Shule ya Sekondari Kilakala, pale Morogoro chini ya Milima ya Uluguru, simu huwa nyingi kuliko viti. Binti kavaa joho, shingoni ana mashada matatu, baba kashika cheti, na kila shangazi anataka yake. Jioni picha zote zinamiminwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wiki inayofuata mzazi anachagua moja, anaisukuma kwa kijana wa studio mjini, anaomba kubwa ya kutundika sebuleni. Picha inakuja na ukungu, uso umepauka na mkono wa baba umekatwa. Lawama anabebeshwa mwenye studio, na mara nyingi anaonewa, kwa sababu picha ilikuwa imeshaharibika kabla haijamfikia.

Mharibifu wa kwanza ni ile safari ya WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, programu hiyo huipunguza mpaka upande wake mrefu ubaki na takriban pikseli 1600, yaani vile vidoti vya rangi vinavyojenga picha. Simu nyingi za sasa hupiga picha ya megapikseli 12, kwa maana ya pikseli 4000 kwa 3000. Ziliondoka pikseli milioni 12, zimefika chini ya milioni 2. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti yoyote, maana kioo chenyewe ni kidogo. Tofauti inajitokeza kwenye karatasi.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kila mtu aijue. Picha ya kushikwa mkononi au kuwekwa kwenye albamu inataka pikseli 300 kwa kila inchi ili ionekane safi. Chukua pikseli za kila upande, gawanya kwa 300. Ile ya WhatsApp ya 1600 kwa 1200 inakupa inchi 5.3 kwa 4, ukubwa wa kadi ya posta. Faili asilia ya 4000 kwa 3000 inakupa inchi 13 kwa 10, inayoizidi A4. Picha ya ukutani, inayotazamwa kutoka kwenye kochi, inavumilia pikseli 150 kwa inchi, kwa hiyo faili hiyohiyo inaweza kufika inchi 26 kwa 20 bila aibu. Faili asilia ni ile iliyotoka kwenye kamera au simu iliyopiga, haijapita mtandao wowote wa kijamii, haijapigwa picha ya skrini kutoka kwenye “status” ya mtu.

Utaijuaje? Kwenye simu za Android, picha iliyopokelewa WhatsApp huwa na herufi WA katika jina lake, baada ya tarehe. Ukiziona hizo, mtafute aliyepiga akupe ile ya kwake. Tazama pia uzito: picha ya simu ambayo haijaguswa kwa kawaida ina megabaiti 2 na kuendelea, na ikisoma kilobaiti 150, hiyo siyo ya kukuza. Kuituma tena hakusaidii, kwani kilichokatwa hakirudi.

WhatsApp yenyewe si haramu, ila usipitie mlango wa picha. Bonyeza alama ya kiambatisho, chagua hati, ile sehemu unayotumia kutuma barua au PDF, kisha itafute picha humo. Itakwenda kama ilivyo. Kile kitufe cha HD kilichoongezwa mwaka 2023 ni afadhali kuliko kawaida, lakini nacho kinapunguza. Barua pepe ya Gmail hubeba hadi megabaiti 25, Google Drive hubeba zaidi, na kebo au flashi bado ni njia za heshima. Ukienda na flashi, weka humo nakala tu za picha unazosafisha, siyo hazina yako yote: kompyuta za steshenari hupokea flashi za mji mzima, pamoja na virusi vyao. Wenye iPhone wana jambo moja la ziada. Tangu mwaka 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, ambao kompyuta nyingi za zamani haziufungui. Geuza ziwe JPEG ukiwa nyumbani, vinginevyo kijana wa dukani atakuambia, “Dada, nitumie WhatsApp tu,” na tumerudi palepale.

Kama ulimlipa mpiga picha, makubaliano ya faili yafanyike kabla ya shughuli. Mwambie unataka faili kubwa, ambazo hazijapunguzwa, na mkubaliane atazileta kwa njia gani. Baada ya sherehe kila mtu ana haraka.

Sasa ule mkono wa baba. Picha ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3, wakati karatasi iliyozoeleka zaidi, inchi 4 kwa 6, ina uwiano wa 2 kwa 3, sawa na kamera kubwa za wapiga picha wa harusi. Ili picha ya simu iijaze karatasi hiyo, lazima sehemu moja ya tisa ya upande wake mfupi ikatwe. Ikiwa imepigwa wima, wanaokatwa ni wa pembeni, na ikiwa ya ulalo, vinakwenda vichwa au miguu. Mashine haijui baba ni nani. Una njia mbili: omba ukubwa wa inchi 6 kwa 8, ambao unalingana na simu, au sema, “Naomba isikatwe, acha nyeupe pembeni.” Kwa kubwa, 8 kwa 12 na 12 kwa 18 zinafaa picha za kamera, 8 kwa 10 ni fupi kuliko zote mbili na itakata kitu kwa vyovyote. Fremu inunuliwe baada ya kujua ukubwa wa picha. Wengi tunafanya kinyume, tunapenda fremu dukani, kisha tunailazimisha familia nzima iingie humo.

Rangi ya ngozi ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote, na ina historia. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za Marekani zilipima rangi za mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Walioifanya kazi hiyo waliiita kadi ya Shirley. Mashine ikimtoa yeye vizuri, kazi imekwisha. Mtu mweusi alitoka kama kivuli chenye meno. Kodak ilikuja kutengeneza kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali miaka ya 1990. Mashine za leo ni nyingine kabisa, ila zina tabia yao: zinapima wastani wa mwanga wa picha nzima na kujaribu kuupeleka katikati. Binti mweusi mwenye joho jeusi anapandishwa mwanga mpaka uso unakuwa wa kijivu. Bibi harusi mwenye shela jeupe linalojaza karatasi anashushwa mpaka sura inazama.

Juu ya hapo kuna mkono wa binadamu. Studio nyingi zimejiwekea kwamba kumpendeza mteja ni kumng'arisha, kwa hiyo Mluguru aliyeingia na weusi wake anatoka na rangi ya chai ya maziwa, ngozi haina hata tundu. Ukinyamaza, ndicho utakachopewa. Sema mapema, tena kwa upole, maana yule kijana anadhani anakufanyia hisani: “Kaka, usimng'arishe, mwache na rangi yake. Na marekebisho ya mashine yazime.” Kama unataka chunusi iondolewe, taja chunusi. Kosa jingine la mwanga ni letu wenyewe. Tunatazama picha kwenye simu iliyowashwa mwanga hadi mwisho, na karatasi haina taa ndani yake. Shusha mwanga wa simu hadi nusu. Kama sura inaonekana nyeusi mno hapo, karatasini itakuwa hivyohivyo, basi ipandishwe kidogo kabla ya kusafishwa.

Kuhusu mashine, uliza swali moja: picha inatoka kwa mashine gani? Mashine ya maabara huchoma picha kwa mwanga juu ya karatasi yenye kemikali, kisha inapita kwenye dawa na kukaushwa. Hiyo ndiyo ya albamu na ya kutunza. Printa ya wino inaweza kutoa picha nzuri sana ikiwa wino na karatasi ni vya picha kweli. Zile ndogo za picha za pasipoti zinazotoa karatasi kavu papo hapo nazo zinadumu vya kutosha. Printa ya leza, ile ya kutolea fotokopi, iache ifanye kazi za ofisi. Kwa karatasi, ya kung'aa hupendeza mkononi lakini hurudisha mwanga wa dirisha na kushika alama za vidole; ya ukutani iwe isiyong'aa.

Steshenari za mitaani, Kilakala kama kwingine, zinatosha kwa pasipoti na A4. Kwa picha kubwa utashuka mjini, au utatuma Dar es Salaam. Hilo la Dar lisikutishe: ni kama kilomita 190, mabasi ya stendi ya Msamvu hayaishi, na tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa inafika Morogoro. Faili inatangulia kwa Drive, mzigo unakuja na mtu. Ila sisitiza picha kubwa iviringishwe ndani ya bomba gumu. Ikikunjwa mara moja, mstari hautoki.

Kabla ya kulipia kubwa, toa ndogo. Omba inchi 4 kwa 6 ya picha ileile, kwenye mashine ileile, kwa karatasi ileile. Toka nayo nje ya duka, uitazame kwa mwanga wa mchana, kwani taa za dukani huongopa, nyingine zina ukijani, nyingine zina unjano. Kama ni ya wino, lowesha kidole, gusa kona. Wino ukifuata kidole, hiyo haifai kwa mji wenye masika kama yetu. Gharama ya hiyo ndogo ni kidogo, na ukiikubali mwachie mwenye duka aitumie kulinganisha.

Kuna picha moja isiyosubiri majaribio, ya marehemu. Msiba umetokea usiku, kesho saa nne watu wanaaga, na picha inayopatikana ni ya harusi ya mwaka juzi, yeye yuko mstari wa tatu. Uso wenye upana wa pikseli 300, hata kwa kipimo cha 150, unatoa inchi mbili tu. Chagua picha ambayo uso wake ni mkubwa, hata kama hakuvaa suti. Ridhika na A4, usiikuze zaidi. Na ukatae ule msaada wa programu za akili unde zinazodai kunoa sura iliyofifia. Hazirudishi kilichokuwepo, zinabuni macho na meno yanayoelekea kufanana, na ndugu watakaa mbele ya jeneza wakimtazama mtu ambaye si wa kwao. Ukungu kidogo una heshima kuliko hilo.

Picha za zamani zina utaratibu wake. Kilakala ni shule ile iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll ikiitwa Marian College, na nyumba nyingi nchini zina bibi aliyesoma pale mwenye picha yake moja ya karatasi iliyoanza kuliwa na ukungu. Ipeleke ikaskaniwe kwa pikseli 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa faili ya 2400 kwa 3600, inayotosha kabisa inchi 8 kwa 12. Skana ikikosekana, ilaze karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, zima flashi ya simu, simama juu yake sawasawa. Kama imegandamana na kioo cha fremu usiibandue. Ipige hivyohivyo kupitia kioo, ukiinama kidogo kukwepa mng'ao.

Kugandamana huko kunatokana na unyevu. Mawingu yanayokwama Uluguru yanafanya kuta zetu zipumue maji miezi mingi ya mwaka, na picha iliyobanwa na kioo inanata. Mwambie fundi fremu aweke pambizo la kadibodi kati ya kioo na picha, na usiitundike kwenye ukuta wa nje unaolowa wala mahali jua la jioni linapopiga. Laminesheni mimi siishauri kwa picha unayoipenda. Joto lake linaweza kuharibu wino, na unyevu ukishapenya kwenye ukingo wa plastiki hakuna namna ya kuutoa.

Ukimaliza kulipa, omba faili zako zifutwe kwenye kompyuta ya duka, hasa za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu picha zako pia, na studio inayotaka kutundika sura yako kwenye kioo cha duka inapaswa kukuomba ridhaa. Faili asilia zibaki sehemu mbili, moja kwenye simu au kompyuta na nyingine mbali na nyumbani. Nyuma ya picha, karibu na ukingo, andika majina kamili, mahali na mwaka kwa penseli laini. Karatasi nyingi za siku hizi nyuma ni plastiki na penseli inateleza. Hizo ziandikie kwenye kikaratasi uweke nyuma yake ndani ya albamu, kwa kuwa kalamu ya wino ikigandamizwa huacha alama mbele, usoni kabisa kwa mtu.