Kabla ya Kulipia Twisheni: Kijitabu cha Afya ya Mwanafunzi kwa Familia za Kariakoo na Mitaa ya Jirani



Mtoto akirudi na alama za chini, wengi wetu hukimbilia twisheni. Tunajibana, tunatoa fedha ya kila siku, naye anaongezewa saa mbili za kukaa kwenye benchi. Twisheni humsaidia mtoto aliyelala, aliyekula na anayeuona ubao. Asiyepata hayo hataambulia kitu hata akifundishwa na mwalimu bora.

Tangu Januari 2016, shule za umma za msingi na sekondari hadi kidato cha nne hazitozi ada. Fedha kidogo inayobaki mfukoni itumike kwanza pale inapoleta faida kubwa. Yaangalie haya matano.

1. Usingizi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Akiwa usingizini, ubongo wake hupanga na kuhifadhi aliyojifunza mchana. Anayekesha akijisomea na kulala kwa saa nne tu huamka amesahau mengi.

Kwetu usingizi ni mgumu kupatikana. Mwaka 2025 Kariakoo ilizindua rasmi biashara ya saa 24. Kuna taa, spika za matangazo na honi za bodaboda. Katika chumba kimoja cha familia, mtoto hutandikiwa baada ya televisheni kuzimwa na wageni kuaga.

Hesabu hivi: mwanafunzi wa msingi anayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 2 usiku. Wa sekondari, saa 3 usiku.

- Andika ratiba ya siku nzima: shule, madrasa, twisheni, kazi za nyumbani, kusaidia kwenye kizimba. Usingizi ukikosa nafasi, punguza kimojawapo.
- Mtoto asilinde meza wala kufunga hesabu za biashara usiku wa kuamkia shule.
- Simu zote zilale mbali na kitanda chake.
- Wapangaji wa nyumba moja mkubaliane saa ya kupunguza muziki. Mkishindwana, mshirikisheni mjumbe.

2. Chakula cha asubuhi na damu ya kutosha

Chai ya rangi na andazi moja haimfikishi mtoto mchana. Kabla ya mapumziko njaa imeshamrudia, naye husinzia au huwa mkali kwa wenzake. Mpe uji, viazi au mihogo ya kuchemsha, pamoja na yai au maharage. Kiporo cha wali na maharage kinafaa kikihifadhiwa vizuri na kupashwa hadi kichemke.

Upungufu wa damu humfanya mtoto achoke upesi, apumue kwa shida akipanda ngazi na ashindwe kutulia kwenye somo. Wasichana waliovunja ungo wako hatarini zaidi. Dagaa, maini, maharage, kunde, mchicha na matembele huongeza madini ya chuma. Chungwa, embe au limau pamoja na mlo husaidia mwili kuyapokea madini hayo, lakini chai huyazuia. Chai inywewe angalau saa moja baada ya mlo.

Mpe chupa ya maji yaliyochemshwa. Wanafunzi wengine, hasa wasichana, huacha kunywa maji kwa sababu vyoo vya shule havifai. Muulize wako. Kama ndivyo, lifikishe jambo hilo kwenye kikao cha wazazi, pamoja na suala la maji, sabuni na mahali pa kutupa taulo za kike.

3. Macho na masikio

Mtoto hajui kama haoni vizuri. Hudhani kila mtu huona kama yeye. Dalili ni hizi: anakodoa macho, anasogelea televisheni, anakosea kunakili ubaoni, kichwa kinamuuma jioni. Asiyesikia vizuri huitwa mara tatu ndipo ageuke, au sikio lake hutoa usaha.

Usimwite mzembe kabla hajapimwa. Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya serikali, na umwombe mwalimu amkalishe mbele. Mwenye uoni hafifu au ulemavu ana haki ileile ya kusoma. Hapa hapa Kariakoo, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko imefundisha watoto wasioona pamoja na wanaoona kwa miaka mingi.

4. Homa na chanjo

Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika ndoo, matairi, makopo na visahani vya maua. Kila wiki mwaga maji hayo na ufunike mapipa. Usiku, mtoto alale ndani ya chandarua kwa ajili ya malaria.

Homa isitibiwe kwa kubahatisha dawa dukani. Apimwe kwanza. Dengi ikishukiwa, apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwani huweza kuzidisha kuvuja damu. Akitapika mfululizo, akitokwa damu puani au kwenye fizi, tumbo likimuuma sana au akilegea, mwahishe hospitali.

Siku ya dawa za minyoo shuleni, mwache anywe akiwa amekula. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja tu.

5. Utulivu wa moyo

Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, na ghorofa la hapa hapa lilipoporomoka Novemba 2024, msiba uliingia hadi majumbani. Mtaji ukipotea, au mzazi asiporudi, mtoto hubeba hofu hiyo hadi darasani. Mweleze ukweli kwa maneno ya umri wake. Asiokote majibu barabarani.

Kimya kisicho cha kawaida, kukojoa kitandani upya, tumbo kuuma kila asubuhi ya shule au kukataa kupita njia fulani ni ishara. Keti naye na umsikilize bila fimbo. Kipigo humfunza kuficha. Muulize pia njia anayopita, anayempa lifti na anayemnunulia chipsi.

Kwa ukatili au manyanyaso, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo; au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Na binti aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni tangu Novemba 2021. Mrudishe.

Anza wiki hii

- Panga saa ya kulala na uisimamie siku saba.
- Hakikisha anakula kabla ya kutoka nyumbani.
- Mwambie asome maandishi ya bango la ng'ambo ya barabara, jicho moja moja.
- Mwulize mwalimu: anasinzia? Anachelewa? Anacheza na nani?
- Kila siku tenga dakika 10 za kuongea naye mambo yasiyohusu alama.

Haya yakikaa sawa na bado hesabu zinamshinda, mtafutie twisheni. Hapo fedha yako itafanya kazi.