Jua Haki Zako: Rambirambi Si Fidia

Kijana wa jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea. Alianguka kutoka kwenye ghorofa iliyokuwa ikijengwa, akafariki akiwa njiani kupelekwa hospitali. Alikuwa na miaka 24. Mwajiri alitoa gari la kusafirisha mwili hadi Muheza, pamoja na bahasha ya rambirambi. Baba mtu alishukuru, na hadi arobaini inapita hakuna aliyeuliza kitu kingine. "Hakuwa na mali, hakuwa na mke wala mtoto," walisema wazee. "Tudai nini?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo, maana lilikuwa na jibu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inawalinda wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kwa ajali au ugonjwa uliotokana na kazi. Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri ndiye anayeuchangia, naye haruhusiwi kuukata mchango huo kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kwa hiyo bahasha ya msibani haifuti fidia, hata ingekuwa nene kiasi gani. Na mtu akikuletea karatasi ya "tumelipwa yote" wakati turubai la msiba bado limesimama, usitie saini.

Mke, mume na watoto ndio wa kwanza. Marehemu asipoacha hao, wazazi au ndugu waliokuwa wakimtegemea wanaweza kudai. Hapa ndipo familia za vijana zinapopoteza, kwa kudhani kijana asiyeoa hana mtegemezi. Baba yule alikuwa akitumiwa hela kwa simu kila mwisho wa mwezi. Ndiyo iliyonunua unga na kulipia dawa za mama. Huo ni ushahidi. Baba aende kwa mtandao wake wa simu, aombe taarifa ya miamala ya namba yake mwenyewe. Aongeze risiti za ada ya mdogo wa marehemu na barua ya mtendaji wa kijiji. Laini ya marehemu isitupwe, na simu yake isigawiwe kama nguo za matanga. Madai yapelekwe mapema, kabla ya miezi 12 kupita. Kama mwajiri hakujisajili WCF, kosa ni lake. Nendeni Mfuko mkaeleze.

Fidia ni kando. Zipo pia stahili za NSSF, mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo ambayo hakuichukua. Tafuteni hati za mshahara, mkataba na kitambulisho cha kazi, kisha cheti cha kifo kutoka RITA. Kwa fedha zinazoingia kwenye mirathi, kikao cha ukoo hupendekeza jina, lakini mahakama ndiyo inayomteua msimamizi. Msimamizi hukusanya na kugawa kwa wenye haki. Kuteuliwa hakumfanyi mwenye mali.

Mfiwa aliyeajiriwa naye ana haki yake. Dada wa yule kijana alikuwa ameajiriwa kiwandani. Alirudi kazini siku ya pili baada ya maziko, macho yamevimba, akihofia kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na ndugu yake wa kuzaliwa angalau siku nne za likizo yenye malipo.