Dawa ya Mwarobaini kwa Kupe: Inachoweza na Isichoweza

Mfugaji wa Kilifi hahitaji kwenda mbali kutafuta mwarobaini. Mti huu uko uani na kando ya barabara. Watu husema jina lake linatokana na magonjwa 40 unayotibu. Ndigana kali, ambayo wengi wanaijua kama ECF, haimo katika hesabu hiyo, na kukosea hapo kunaweza kumgharimu mtu ndama wake.

Ndigana huletwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha ndani ya sikio. Akishang'ata, kwa kawaida hupita siku tatu hivi au zaidi kabla hajamwambukiza ng'ombe. Muda huo ndio nafasi ya mfugaji. Mwarobaini, hata hivyo, hauui haraka kama dawa ya josho. Humpunguzia kupe hamu ya kunyonya damu na kuvuruga ukuaji na utagaji wake. Kupe hupungua polepole, lakini yule aliye sikioni leo anaweza kubaki hai. Kwa hivyo anayetumia dawa hii akague masikio kwa mkono kila baada ya siku mbili, awang'oe kupe na kuwachoma. Mwenye josho karibu asiliache.

Mbegu zina nguvu kuliko majani. Matunda yaliyoiva huokotwa, nyama yake huondolewa, na mbegu hukaushwa kivulini. Zenye ukungu hutupwa. Nusu kilo hutwangwa na kulowekwa katika lita 10 za maji tangu asubuhi hadi jioni, ndoo ikiwa imefunikwa na kuwekwa kivulini kwa sababu jua huipunguza nguvu dawa. Kiasi hicho hutosha ng'ombe mmoja mzima. Huchujwa kwa kitambaa, la sivyo bomba litaziba, kisha huongezwa sabuni kidogo ya kipande iliyoyeyushwa ili dawa ishike kwenye manyoya.

Mara ya kwanza hupakwa sehemu ndogo ya ngozi na kuangaliwa kwa siku moja. Ikiwa haina madhara, hunyunyizwa mwili mzima, hasa chini ya mkia na kwenye kinena. Ndani ya masikio hupakwa kwa kitambaa. Kiwele hupakwa baada ya kukama na kuoshwa vizuri kabla ya kukama tena, maana maziwa machungu hayana mnunuzi.

Wapo wanaoongeza tumbaku ili dawa ikolee. Wasifanye hivyo. Nikotini hupenya ngozini na inaweza kumuua ng'ombe, na hata anayenyunyiza anaweza kudhurika.

Ndama mwenye homa na mitoki chini ya masikio, au anayehema kwa shida, hahitaji mwarobaini. Daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ya ndigana hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa mchanga. Ipo pia chanjo ya ndigana, ambayo hudungwa mara moja. Haizuii ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao pia huletwa na kupe, kwa hivyo ndama aliyechanjwa bado hukaguliwa kupe mwili mzima kama wenzake.