Kuipima Filamu ya Historia: Mfano wa Apocalypto

Filamu ya Apocalypto, iliyoongozwa na Mel Gibson mwaka 2006, yasimulia habari za Jaguar Paw, mwindaji wa Kimaya atekwaye ili atolewe kafara, naye akatoroka kumwokoa mkewe aliyefichwa shimoni. Wahusika husema Kimaya cha Yucatán, jambo la kusifiwa. Hata hivyo mwalimu asihadaike: lugha ya kweli haithibitishi historia. Miji mikuu ya kusini ilianza kuhamwa katika karne ya 9. Wahispania, ambao merikebu zao zatokea mwishoni, walifika mwanzoni mwa karne ya 16. Kafara za halaiki namna ile zahusishwa zaidi na Waazteki. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni lile lililoachwa. Watu hawa walikuwa na maandishi, waliitumia sifuri, walikokotoa majira ya kupatwa kwa jua. Mtazamaji huondoka akikumbuka damu tu.

Kwa damu hiyo, filamu isionyeshwe kamwe katika shule ya msingi. Mwalimu aitazame peke yake, kisha achore ubaoni mstari wa nyakati, wanafunzi waipange miji na merikebu mahali pake. Mmoja atauliza kama Wamaya waliangamia wote. Aambiwe kwamba mamilioni yao wangali wanaishi Guatemala na Meksiko, na wengi husema lugha zao hadi leo.